UZI: Kuuza biti mtandaoni ukiwa prodyuza wa kujitegemea. Leseni, mgawanyo wa haki, na mahali hela inapojificha

Kinanda_Kimoja (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu, "Biti naziuzia wapi?" Majibu huja majina matupu ya masoko ya biti mtandaoni: BeatStars, Airbit, Traktrain. Muulizaji anafungua duka, anapakia midundo yake yote, anakaa kusubiri. Hakuna anayemwambia kwamba anachouza hasa ni ruhusa ya kuitumia biti, na faili linaisindikiza tu ruhusa hiyo. Ukilielewa hilo mapema, maswali mengi ya bei, ya wizi na ya "nimedhulumiwa" yanapungua. Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite tu, hatutagombana.

Nianze na kisa ambacho wengi mnakijua nusu. Mwaka 2018 Lil Nas X, kijana wa Marekani ambaye wakati huo hakuwa na jina, alinunua biti BeatStars kwa dola 30. Aliyeitengeneza ni YoungKio, prodyuza wa Uholanzi. Wala hawakuwa wanajuana. Wimbo uliotoka humo, Old Town Road, ulikaa namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19 mwaka 2019. Watu huishia hapo na kusikitika: dola 30 tu, jamaa kapunjwa! Ile ilikuwa bei ya kukodi. Jina la YoungKio lilibaki kwenye orodha ya watunzi na kwenye utayarishaji, na hizo ndizo nafasi zinazoendelea kulipa wimbo unapopigwa.

Sehemu ya pili ya kisa hicho haisemwi sana. Ule mlio wa nyuzi mnaousikia mwanzoni ulikatwa kwenye kazi ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008. Matokeo yake Trent Reznor na Atticus Ross nao waliingia kwenye orodha ya watunzi na watayarishaji. Biti yenye kipande cha mtu mwingine inakuja na wenye mali wake, hata kama hukuwaalika.

Sasa tuingie kwenye haki zenyewe. Wimbo mmoja una haki mbili zinazokwenda kila moja na njia yake. Kuna utunzi, yaani melodi, kodi za muziki (chords) na mashairi, na kuna rekodi, ambayo wengi tunaiita masta. Ukitengeneza biti peke yako, vyote viwili ni vyako tangu siku unapoihifadhi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake haudai usajili ili hakimiliki iwepo. Msanii akiimba juu ya biti yako unazaliwa utunzi mpya wenye watu wawili ndani yake. Mikataba mingi ya kukodisha biti hugawa utunzi huo nusu kwa nusu: nusu ya aliyetengeneza muziki, nusu ya aliyeandika maneno. Masta ya wimbo kwa kawaida hukaa kwa msanii kadiri leseni inavyoruhusu, na masta ya biti inabaki kwako.

Leseni ya kawaida si ya kipekee. Biti moja unaweza kuwakodisha watu kumi, kila mmoja akafanya wimbo wake. Ya bei ya chini humpa mnunuzi MP3, inayofuata inampa WAV, ya juu zaidi inampa stemu, yaani kila chombo kwenye faili lake. Tofauti ya bei isiwe ubora wa faili peke yake. Iwe pia mipaka: mara ngapi wimbo unaruhusiwa kusikilizwa, kama video inaruhusiwa, kama redio inaruhusiwa, na leseni inaisha lini. Mpaka ukifikiwa, msanii anarudi kununua ngazi ya juu. Hapo ndipo leseni ndogo inapogeuka kuwa mteja wa kudumu, na ndiyo maana nasema bei ya kwanza isikuumize kichwa sana.

Leseni ya kipekee ndiyo inayoleta ugomvi. Ukiiuza, unaitoa biti dukani na humkodishii mtu mwingine tena. Ila waliokodi kabla wanaendelea mpaka muda wao uishe, sawa na nyumba inayouzwa ikiwa na mpangaji mwenye mkataba. Mnunuzi aambiwe hivyo kabla hajatoa hela, tena kwa maandishi. Pia "kipekee" haimaanishi umeuza hakimiliki. Mtu akitaka uondoe kabisa jina na mgao wako, hiyo ni biashara nyingine na bei yake ni nyingine.

Nimeishia hapo kwanza. Mengine yatakuja na maswali.

Mgeni wa Jukwaa

Nimevuta kiti, siondoki.

Besi Nzito

Mkuu, umeandika vizuri ila unaongea kama mwanasheria. Sisi wa chini tunauza kwa meseji. Mtu anatuma hela, natuma faili, tumemalizana. Msanii mchanga ukimtumia karatasi sita za mkataba anakimbilia kwa prodyuza mwingine asiye na maneno mengi. Na hiyo nusu ya utunzi ya wimbo ambao hausikilizwi na mtu ni nusu ya hewa.

Kinanda_Kimoja (mleta uzi)

Besi Nzito, kwenye karatasi sita tuko pamoja. Mkataba wa kukodisha unaenea ukurasa mmoja: majina ya pande mbili, jina la biti, ameruhusiwa nini, mpaka wapi, mpaka lini, jina lako liandikweje, mgao wa utunzi, na nini kinafuata mpaka ukivukwa. Masoko niliyoyataja yanakutengenezea karatasi hiyo yenyewe mnunuzi anapolipa, kazi yako ni kujaza vipengele mara moja. Hata ukiuza kwa meseji, andika mistari hiyo kwenye baruapepe na umwombe ajibu "nimekubali" kabla hujatuma faili.

Kwenye nusu ya hewa, tatizo ni kwamba huwezi kujua mapema ni wimbo upi utakaopaa. Biti ya wimbo wa Panda, prodyuza Menace wa Uingereza aliiuza mtandaoni kwa dola 200, na mwaka 2016 rapa Desiigner akawa namba moja Marekani nayo. Karatasi huandikwa siku ambayo hakuna anayejua, maana siku wakijua, hakuna anayetaka kuandika.

Tena kuuza kwako kimyakimya kuna hatari nyingine. Chini ya sheria ya Marekani, kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee ni lazima kuwe na maandishi yenye sahihi. Leseni isiyo ya kipekee haina sharti hilo. Mahakama inaweza kuona kwamba uliitoa kwa vitendo tu, kwa kuwa ulipokea hela na ukatuma faili. Kwa hiyo bila maandishi si kwamba hakuna mkataba. Mkataba upo, ila mipaka yake ataisema mwingine.

SautiYaTano

Naomba msaada hapa wakuu maana nimechanganyikiwa. Biti yangu niliikodisha kwa wasanii kadhaa. Juzi video yangu mwenyewe ya biti ile ile YouTube imepigwa dai la Content ID. Nikiangalia mdai, ni msambazaji (kampuni inayopeleka nyimbo Spotify, YouTube na kwingine) wa mmoja wa wateja wangu. Yaani nadaiwa kwa kazi niliyoitengeneza mwenyewe? Na mteja mwingine naye analalamika kwangu kwamba mapato ya wimbo wake yanakwenda kwa mtu asiyemjua.

Kinanda_Kimoja (mleta uzi)

SautiYaTano, hili naliandika polepole kwa sababu linawakuta wengi na mara nyingi hakuna mwizi ndani yake.

Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye wenyewe, inafanya kazi kwa kulinganisha sauti. Mwenye rekodi, au msambazaji wake, anaikabidhi YouTube rekodi ya kumbukumbu. Kila video inayopakiwa inapimwa dhidi ya kumbukumbu hizo, na ikifanana, dai linajiweka lenyewe. Mteja wako alipokuwa anatoa wimbo kupitia msambazaji alikutana na kisanduku cha "linda wimbo wangu YouTube", akakibonyeza. Kumbukumbu yake ina sauti yake pamoja na biti yako nzima chini yake. Mashine inasikia biti ile ile kwenye video yako, kwenye wimbo wa mteja wa pili na wa tatu, inaona zote zimemwibia wa kwanza.

Masharti ya YouTube yenyewe yanataka anayeweka kumbukumbu awe na haki ya kipekee juu ya kile alichokiweka. Biti ya kukodi haitimizi sharti hilo. Kwa hiyo unacho cha kusimamia. Kwanza mwandikie mteja kwa upole (kwa kweli kwa upole, wengi hawajui walichobonyeza) umwombe amwagize msambazaji aondoe wimbo kwenye Content ID au aziruhusu video zako. Asipojibu, pinga dai ndani ya YouTube, eleza kwamba wewe ndiye mtengenezaji na kwamba leseni aliyonayo mdai si ya kipekee. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, dai linaanguka. Yule mteja mwingine mpe nakala ya leseni yake, naye apinge kwa njia hiyo hiyo.

Ili lisirudi, weka kipengele kwenye leseni zote zisizo za kipekee: ni marufuku kusajili wimbo Content ID au kwenye mfumo wowote wa utambuzi wa aina hiyo. Kiandike juu kabisa, kwa lugha nyepesi, kisiwe mstari wa 23 kwenye herufi za sisimizi.

Na hili liwaguse wanaotumia lupu (vipande vya muziki vilivyotengenezwa tayari) za Splice na maktaba kama hizo. Leseni inakuruhusu kuzitumia bila kulipa mirabaha, lakini watu wengine maelfu wameshusha lupu ile ile. Ukiiacha kama ilivyo ikawa ndiyo melodi nzima ya biti, siku yoyote itafanana na rekodi ya mtu mwingine, na leseni ya kipekee utakayomuuzia msanii itakuwa ya kipekee kwa jina tu. Ikatekate, ibadilishe ufunguo (key), igeuze, au ipige upya kwa kinanda chako.

Besi Nzito

Hapo kwenye lupu nimenyamaza.

Mpigamiksi

Mimi sitengenezi biti, mimi ndiye ninayeletewa wimbo kumiksi baada ya nyinyi kuuza. Niruhusuni nitoe ya moyoni, maana nusu ya wateja wanaorudi kwa prodyuza wanarudi kwa sababu faili zake hazikuwasumbua.

Mnapenda biti iwe na kelele ili ishike sikio la mnunuzi. Sawa, ile ya kusikilizisha dukani iwe hivyo. Lakini anayelipa mpeni toleo ambalo halijabanwa. Nikiletewa WAV ambayo limita (kifaa cha kubana sauti isipite kiwango) imeshaipiga hadi ukutani, sauti ya mwimbaji haina pa kukaa, inaelea juu kama imebandikwa. Acheni kilele kiwe kama desibeli 6 chini ya sifuri, na mtoe limita kwenye njia kuu. Huko mbele Spotify inasawazisha nyimbo karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo zile kelele mlizozipigania zinashushwa, na kinachobaki ni biti bapa.

Stemu ndiyo msiba mkubwa. Faili zote zianze sekunde ya sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya pili, ziwe na urefu mmoja, WAV ya 24-bit, na kasi ile ile ya sampuli mliyotengenezea, kwa kawaida kilohezi 44.1. Zipeni majina yanayoeleweka: kiki, snea, besi, kinanda cha kushoto. Faili linaloitwa "Audio 17 mpya mwisho kabisa" linanimalizia asubuhi nzima. Kama mwangwi ni sehemu ya sauti yenyewe, uacheni. Kama uliwekwa kujaza nafasi tu, leteni matoleo mawili. Na 808 (ile besi nzito ya ngoma ya elektroniki) isiyokuwa kwenye ufunguo wa wimbo siwezi kuirekebisha kwa dua. Kwenye jina la folda andikeni BPM (kasi ya mdundo kwa dakika) na ufunguo.

Jambo la mwisho ni la utunzi kuliko ufundi: acheni nafasi. Biti ambayo melodi haipumzi kuanzia mwanzo hadi mwisho ni wimbo uliokwisha, mwimbaji anakwenda kufanya nini humo? Kwenye ubeti ondoeni kitu. Mnapoona nyinyi ni patupu, msanii anapaona ni nyumbani.

Mgeni wa Jukwaa

Mpigamiksi kanichana kweli. Swali kwa mleta uzi: nianzeje kuonekana? Nina biti nzuri (nasema mwenyewe) na hakuna anayebonyeza. Na je, nigawe za bure?

Kinanda_Kimoja (mleta uzi)

Msanii anayetafuta biti haandiki jina lako kwa sababu halijui. Anaandika jina la msanii anayetaka kufanana naye, ndiyo maana YouTube imejaa biti za "aina ya fulani". Inafanya kazi, sitawadanganya. Lakini chagua jina moja linalolingana kweli na mdundo wako. Kurundika majina ishirini kwenye maelezo kunavunja masharti ya YouTube kuhusu maelezo ya kupotosha, na pia kunamleta msikilizaji anayetoka baada ya sekunde tano. Kwa maoni yangu mimi, wasanii wa kati wenye wafuasi wanaofanya muziki ni bora kuliko nyota wa dunia. Kwa nyota utazikwa chini ya maelfu. Weka hisia, BPM na ufunguo kwenye kichwa au mstari wa kwanza, na kiungo cha duka juu kabisa.

Za bure gawa, ila ziwe na tagi ya sauti yako (jina lako likisikika ndani ya biti) na masharti yanayoeleweka. Kuna "bure kwa wasiofanya biashara" na kuna "bure hata kwa biashara", na wasanii wengi wanasoma neno la kwanza tu. Eleza wazi kwamba kuweka wimbo Spotify au Apple Music ni biashara, hata kama hautaingiza chochote. Mimi huchukua baruapepe ya kila anayeshusha biti ya bure, kwa sababu huyo ndiye nitakayemwandikia biti mpya zikitoka. Mauzo yangu mengi hutoka kwa watu walioshusha za bure, kuliko wapita njia.

Kuhusu malipo nitapita haraka: kabla hujafungua duka lolote hakikisha njia yake ya kulipa inakuruhusu kupokea, si kutuma tu, huko uliko. PayPal kwa mfano kuna nchi inaruhusu kutuma pekee. Na uhifadhi kumbukumbu za kila mauzo, maana mnunuzi wa kadi anaweza kudai arudishiwe hela baada ya faili kuwa tayari mkononi mwake.

SautiYaTano

Asante kwa lile la Content ID mkuu, mteja kajibu na ameahidi kuongea na msambazaji wake. Sasa nina wazo: kwa nini nisitoe biti zangu mwenyewe kama albamu ya ala tupu Spotify, nile huku na huku?

Kinanda_Kimoja (mleta uzi)

Unaweza, kwa tahadhari. Biti uliyokwisha kuikodisha ukiitoa pia kama wimbo wako, wasambazaji wengine wataiona inajirudia kwenye nyimbo za wateja wako, na huduma zingine zitaichanganya. Tenga fungu la midundo ya albamu ambayo haitaingia dukani. Kwenye hesabu, kumbuka Spotify inahesabu msikilizo baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita haulipwi mrabaha wa rekodi. Usijaribu kununua misikilizo ili uvuke hapo; Spotify ilianza kuwatoza wasambazaji kwa nyimbo zinazokutwa na misikilizo bandia iliyokithiri, na msambazaji hatakubali kubeba gharama hiyo kwa niaba yako. Mwenye mashabiki wachache lakini wa dhati huwa anafaidika zaidi Bandcamp, soko la kuuzia muziki moja kwa moja kwa mashabiki, ambako wao huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na mnunuzi anaruhusiwa kulipa zaidi ya bei.

Ila kabla ya albamu, sajili utunzi wako. Msambazaji anakusanya pesa za rekodi. Pesa za utunzi hazigusi, isipokuwa kama mmeingia makubaliano ya ziada. Hizo unazifuata kwenye chama cha mirabaha ya watunzi, na zile za mitambo (mechanical, za utunzi kunakiliwa au kusikilizwa mtandaoni) za Marekani zinapitia shirika la The MLC, lililoanza kazi hiyo Januari 2021. Wasio na njia ya moja kwa moja hutumia msimamizi wa utunzi kama Songtrust, ambaye huchukua asilimia yake. Rekodi ina namba yake, ISRC yenye tarakimu na herufi 12. Utunzi una yake, ISWC. Msanii akiuandikisha wimbo peke yake bila kukutaja, nusu yako haiji, hata mkataba uwe mzuri namna gani.

Besi Nzito

Swali la mwisho mkuu, na nauliza kweli sasa. Kuna msanii kanunua leseni ya stemu, kalipa yote, lakini karatasi ya mgao wa utunzi anaizungusha. Mara meneja hayupo, mara ataisaini wimbo ukitoka. Nifanyeje?

Kinanda_Kimoja (mleta uzi)

Angalia kwanza leseni aliyolipia inasema nini. Kama mgao umo tayari na aliukubali wakati wa kulipa, ile karatasi ya pili ni ya kurahisisha usajili tu. Jisajilie upande wako kwenye chama chako kwa asilimia iliyoandikwa, umtumie nakala, usimsubiri. Kama mgao haumo, mpe MP3 aendelee kurekodi na umwambie stemu zinatoka siku ileile karatasi ikirudi na sahihi. Meneja atapatikana haraka, maana Mpigamiksi hawezi kufanya kazi bila hizo stemu.

Mpigamiksi

Siwezi, na sitajaribu.